Siku tatu za Linux kwenye duka la steshenari: uchambuzi wa kisa kimoja

Jumatano asubuhi, kabla sijafungua kufuli la pili la banda langu, bodaboda ilisimama mbele yangu na kasha la kompyuta limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Kijana aliyelileta alikuwa na maneno machache tu ya kutumwa: "Mama amesema umrudishie kompyuta yake kama ilivyokuwa." Mfumo mpya, Linux badala ya Windows aliyoizoea, nilikuwa nimemwekea Jumapili mchana. Siku tatu zilikuwa hazijatimia.

Kwa hesabu za fundi, kazi ile ilikuwa imefaulu. Mfumo uliingia bila kosa, intaneti ilishika, printa ilitoa karatasi ya majaribio. Lakini nilipokaa na lile kasha na kufuatilia kilichotokea dukani, niliona mama alikuwa na haki ya kulirudisha, na makosa mengi yalikuwa yangu.

Duka na mashine yake

Ni steshenari ya kawaida Morogoro mjini: kopi, kuchapa barua, kuprinti, kuskani, kulamineti, picha za pasipoti, kujaza fomu za mtandaoni za wanaoomba vyuo na mikopo, na msimu wa harusi ukifika, kadi za michango. Mwenye duka ni mama wa makamo aliyekuwa jirani wa wazazi wangu. Amenijua tangu navaa kaptula ya shule. Mimi humwamkia shikamoo, yeye huniita mwanangu, na bei ya kazi tunaitaja huku kila mmoja akitazama pembeni. Anasaidiwa na binti aliyemaliza kidato cha nne, na baadaye ndiye aliyeokoa jambo hili zima.

Kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, yenye Core i5 ya kizazi cha 3, maana yake chipu ya mwaka 2012. RAM GB 4, diski kuu ya kuzunguka ya GB 500. Ndani mlikuwa na Windows 10 iliyopigwa na fundi aliyenitangulia, bila leseni, na Office ya kukraki juu yake.

Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na mashine hii haina hata kimoja. Njia za kulizunguka sharti hilo zipo na mafundi tunazijua. Sikuzitaka, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa tayari inachukua karibu dakika nne kuwaka.

Hata hivyo, kilichomleta mama kwangu hakikuwa tarehe ya Microsoft, maana hakuwa hata na habari nayo. Vilimleta virusi vya flashi. Mteja anachomeka flashi, anaprinti, anaondoka, akifika nyumbani anakuta folda zake zote zimegeuka njia za mkato. Mtaani palianza kusemwa kwamba flashi ikiingia duka lile inatoka inaumwa. Kwa steshenari hilo ni tangazo baya kuliko bei kubwa.

Jumapili

Nilichagua Linux Mint toleo la 22, lile la Xfce ambalo ni jepesi na lina menyu chini kushoto kama alivyozoea. Limejengwa juu ya Ubuntu, aina nyingine ya Linux, jina ambalo Mswahili halimpi taabu: ni utu, kwa Kizulu na Kixhosa, na mwanzilishi wa mradi huo, Mark Shuttleworth, ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Mint 22 inapata masasisho hadi mwaka 2029, kwa hiyo mama angekaa miaka kadhaa bila kusumbuliwa tena.

Faili la usakinishaji ni karibu GB 3. Nililipakua kwa bando la usiku, kisha nikakagua alama yake ya SHA256, inayoonyesha kama faili halijabadilishwa, kabla ya kuliandika kwenye flashi. Kwenye Windows amri ni hii:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Inatoa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, nawe unaulinganisha na ule ulio kwenye tovuti rasmi. Mafundi wengi huiruka hatua hii. Mimi siiruki, kwa sababu Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilidukuliwa, na waliobofya kupakua toleo la 17.3 Cinnamon siku ile wakaelekezwa kwenye faili lililotiwa mlango wa nyuma wa kuwaingizia wadukuzi. Asiyekagua faili lake alijisakinishia mwizi mwenyewe.

Flashi niliiandika kwa programu ya Rufus. Nikawasha mashine huku nikigonga F12 (nyingine ni Esc, F9 au F2, inategemea aliyeitengeneza), nikachagua flashi, na Mint ikafunguka bila kugusa diski kuu. Huu ndio wema mkubwa wa mifumo hii: unaijaribu kwanza. Intaneti niliipata kwa kuchomeka simu kwa waya na kuiruhusu ishiriki bando. Sauti ilitoka. Printa ilinihangaisha kidogo. Ni zile leza ndogo ambazo zenyewe hazina akili: kila ikiwashwa husubiri kompyuta iipelekee programu ya kuiendesha, na kwenye Linux programu hiyo ni ya kupakuliwa mara moja ikiwa intaneti ipo. Nikaipakua, karatasi ikatoka.

Nikasakinisha Mint pembeni ya Windows. Nilipunguza sehemu ya Windows, nikaacha GB 100 tupu, na kisakinishi kikazichukua. Mashine ikiwaka, inauliza: huku au kule? Niliona nimekuwa mwangalifu sana, kwamba mama akikwama Linux anarudi Windows. Uangalifu huohuo ndio ulioharibu mambo.

Kisha nikamkalisha mama nikamfundisha. Saa mbili nzima. Folda ya nyumbani ni nini, kwa nini hakuna C na D, jinsi ya kusasisha, hadi nikafungua dirisha jeusi la amri ili kumwonyesha halitishi. Kila nilichosema alijibu, "Sawa mwanangu." Ile sawa nilipaswa kuijua. Ni sawa ya mtu mzima asiyetaka kumvunja moyo kijana aliyemlea. Asingeniambia hajaelewa. Ndiyo maana Jumatano hakupiga simu, alituma bodaboda.

Kilichovunjika

Jumatano jioni nilikwenda mwenyewe, nikaamkia, nikaomba nisimuliwe yote tangu mwanzo. Mama aliongea kidogo, binti akaongea sana. Yalikuwa mambo manne.

La kwanza ni saa. Jumatatu jioni walikuwa upande wa Windows, na muda wa kufunga duka ulipofika, saa mbili usiku, kompyuta ilionyesha saa kumi na moja jioni. Mama akasema mashine imechanganyikiwa. Jumanne asubuhi waliponipigia kuhusu hilo nilijibu bila kufikiri: betri ya ubao imekufa. Nikaenda nikabadilisha ile CR2032, nikalipwa, nikaondoka. Usiku saa ikapotea tena, kwa saa tatu zilezile.

Saa tatu kamili zilipaswa kunigutusha, kwa sababu betri iliyokufa haipotezi muda kwa hesabu safi hivyo. Afrika Mashariki tuko mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu. Linux huandika saa ya dunia kwenye ubao wa kompyuta, halafu inajumlisha tatu inapomwonyesha mtu. Windows huchukulia kwamba kilichoandikwa ubaoni ni saa ya hapahapa. Mifumo miwili inatumia daftari moja na kila mmoja ana kanuni yake ya kuandika. Dawa ni mstari mmoja, upande wa Linux:

timedatectl set-local-rtc 1

Pesa ya betri nilimrudishia. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaipokea.

La pili lilikuwa baya zaidi. Barua za wateja ziko kwenye folda ya upande wa Windows. Binti aliifungua barua akiwa Linux, akarekebisha, akasevu, ikakataa: faili ni la kusoma tu. Sababu ni kwamba Windows 10 ukiizima huwa haizimiki kabisa. Ina kipengele cha kuwaka haraka, kwa hiyo hulala nusu na kuacha diski kuu kama mtu aliyetoka chumbani akaacha mlango umerudishwa tu. Linux ikiona hivyo haiandiki humo, isije ikaharibu. Ina haki. Lakini mbele ya mteja mwenye haraka, haki ya mfumo haina maana. Kipengele hicho huondolewa ndani ya Windows kwa powercfg /h off, ikifunguliwa amri kwa ruhusa ya msimamizi. Nilikijua. Nilisahau kukizima, basi.

La tatu lilikuwa flashi. Mwanafunzi wa chuo alikuja kunakili ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Binti akanakili, mstari wa kijani ukajaa, mwanafunzi akachomoa akaondoka. Chuoni faili likagoma kufunguka. Linux mara nyingi hupokea data kwenye kumbukumbu kwanza na kuimalizia kwenye flashi taratibu, hata baada ya skrini kuonyesha kwamba kazi imekwisha. Bila kubofya alama ya kutoa flashi na kusubiri ujumbe wa kuruhusu, unachomoa chombo ambacho bado kinaandikwa. Windows kwa kawaida huwavumilia zaidi wachomoaji wa ghafla, ndiyo maana hakuna dukani aliyekuwa na tabia ya kusubiri. Kwa hiyo duka lililosemwa linaambukiza flashi sasa likasemwa linakula ripoti.

La nne ni kadi ya harusi. Na hapa, nikiwa mkweli, ndipo mama alipoita bodaboda. Kadi zote za michango, miaka na miaka, zilitengenezwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi. LibreOffice Draw, programu ya michoro niliyokuwa nayo upande wa Linux, inaweza kuyafungua mafaili hayo, na ilifungua. Maandishi yalikuwepo, ila maua ya pembeni yalikuwa yamehamia katikati ya jina la bwana harusi, na ile fonti ya mwandiko wa mkono ikawa herufi za kawaida kama za barua ya serikali. Familia ilikuwa imekaa benchi, inasubiri kadi 100.

Mimi Jumapili sikuuliza kuhusu kadi. Nilikagua mashine, sikukagua duka.

Alhamisi dukani

Niliomba nafasi ya pili na mama akanipa, kwa sharti kwamba nisiguse chochote mpaka nimwambie nitakachofanya. Alhamisi nikakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mashine ya kopi, tangu asubuhi hadi saa kumi, nikiandika kila kazi iliyopita mezani. Zilifika aina kumi na moja. Tano nilizitarajia. Nyingine sikuziwaza kabisa, na kubwa kuliko zote ni kwamba zaidi ya nusu ya nyaraka za wateja haziji kwa flashi tena. Zinakuja kwa WhatsApp, kwenye namba ya duka, na binti anazifungua kwenye kompyuta kupitia kivinjari. Zile saa mbili za Jumapili nilikuwa nimemfundisha mama mti wa folda, wakati kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kuskani msimbo wa WhatsApp.

Nyingine ilikuwa fonti. CV na barua nyingi huja zimeandikwa kwa Calibri au Times New Roman. Mint haiji nazo. Badala yake hutumika Carlito na Liberation Serif, ambazo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari haivunjiki, lakini mteja mwenye jicho anaona sura imebadilika. Fonti za zamani za Microsoft, Times New Roman na Arial zikiwemo, zinasakinishwa kwa kifurushi kinachoitwa ttf-mscorefonts-installer. Calibri haimo humo, Carlito inashika nafasi yake. Kisha nikaiambia LibreOffice isevu kila kitu kwa docx, muundo wa Word, kwa sababu mteja akitumiwa faili la odt, muundo wa LibreOffice yenyewe, kwenye simu yake na likagoma, atasema duka ndilo limekosea.

Baada ya orodha, nilibadilisha mpango wote. Hakuna tena mifumo miwili kwenye diski moja. Nilimshauri mama anunue SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi, ya GB 240, na hapo nilieleza bei bila kutazama pembeni. Nikanakili nyaraka zake zote kwenye diski ya nje, nikaichomoa diski kuu ya zamani nzimanzima na Windows yake ndani, nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaandika tarehe juu. Mint ikaingia kwenye SSD peke yake. Ugomvi wa saa ukaisha, mlango ulioachwa nusu ukaisha, na kama mambo yangeharibika tena, kurudi nyuma ingekuwa kuchomoa nyaya mbili na kuchomeka nyaya mbili. Ningefanya hivi tangu Jumapili ningeokoa nauli ya bodaboda.

Mashine sasa inawaka chini ya nusu dakika. Watu wakiona hivyo husifu Linux. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya SSD, na anayemwambia mteja vinginevyo anauza maneno.

Nilimwekea pia Timeshift, inayopiga picha ya mfumo ili ukiharibika baada ya sasisho urudi hali ya jana. Masasisho yenyewe tulikubaliana yafanywe Jumapili ya kwanza ya mwezi, duka likiwa limefungwa, ili bando lisiliwe wakati mteja anangoja fomu yake ifunguke.

Kujifunza upya

Safari hii sikufundisha mfumo. Nilichukua ile orodha ya kazi kumi na moja, na kila jioni tukafanya mbili, binti akiwa ameshika kipanya na mama akiwa ndiye anayeagiza kama mteja. "Niskanie cheti hiki, unitumie kwa barua pepe." "Nitolee pasipoti nane." Pasipoti nane zilituchukua jioni nzima, kwa sababu Photoshop haipo na GIMP ina tabia zake. Mwishowe tulitengeneza kiolezo kimoja: karatasi ya picha ya inchi 4 kwa 6, imelazwa, safu mbili za fremu nne, kila fremu milimita 35 kwa 45. Zinaenea vizuri na nafasi ya mkasi inabaki. Binti anadondosha picha, anaprinti. Hajui kitu kingine kuhusu GIMP, na hana haja.

Nilijaribu kumwekea mama mfumo kwa Kiswahili. Nilidhani nitamfurahisha. Kazi ya kutafsiri programu hizi si ya jana: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili kitupu. Mama alitazama menyu yangu mpya kama dakika moja, akacheka. "Mwanangu, mimi nimejua kusevu na kuprinti. Huku kuhifadhi na kuchapisha utanichelewesha." Tafsiri yenyewe ilikuwa nusunusu pia, menyu ya juu Kiswahili, dirisha linalofunguka Kiingereza. Nikairudisha. Sidhani waliofanya kazi ile walikosea. Aliyejifunza vitufe kwa Kiingereza miaka kumi anavikumbuka kwa mahali vilipo, hata asome nini juu yake, lakini binti aliniomba nimwachie Kiswahili kwenye akaunti yake, na anaitumia hivyo hadi leo.

Kuhusu flashi waliweka sheria ya duka: hakuna mteja anayechomoa mwenyewe. Binti anabofya alama ya kutoa, anasubiri ujumbe, anachomoa, anamkabidhi mteja mkononi. Na upande wa virusi mambo yaligeuka kwa namna ambayo hata mimi sikuipangia. Virusi vile vya njia ya mkato ni vya Windows, kwenye Linux haviamki. Folda za mteja mara nyingi ziko palepale, zimefichwa tu kwa alama ambayo Linux haiijali, au zimesukumwa ndani ya folda isiyo na jina. Binti akichomeka flashi anaziona zote, halisi na bandia, bega kwa bega. Anafuta za bandia mbele ya mteja na kumwonyesha nyaraka zake zilizopotea. Nilimsisitizia jambo moja: Linux haiugui, ila inaweza kubeba. Asipofuta faili baya, litamfuata mteja nyumbani kama kawaida.

Kadi

Kadi za harusi hazikupata dawa kamili. Kuna violezo vinne vinavyopendwa, na hivyo niliviunda upya kwenye Draw kwa jioni mbili, ua kwa ua. Vilivyobaki ni zaidi ya thelathini na siwezi kuviunda vyote bure, wala mama hana sababu ya kunilipa kwa kadi ambayo huenda isiombwe tena. Publisher yenyewe imepangiwa mwisho, Microsoft imetangaza kuacha kuihudumia Oktoba 2026, kwa hiyo hata angebaki Windows angelikuta tatizo hilihili mbele ya safari. Nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba Oktoba ni mbali na harusi ni Jumamosi.

Tangu siku ile nimeitwa mara mbili kuja na bisibisi, kutoa bahasha ya kaki kwenye droo, kuchomeka diski kuu ya zamani na kufungua kadi ya familia iliyotaka "ileile ya dada yake." Ya pili tuliitoa kama picha ya PDF yenye ubora wa juu ili isituite tena. Nilipopendekeza nizitoe zote hivyo kwa siku moja kisha niifute ile diski itumike kwa mambo mengine, mama aliichukua bahasha mkononi mwangu, akairudisha kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.